Msimu wa Kuhamia Juu

“Haking'olewi!” Bi Tiketi alisema akiwa juu ya ngazi, mikono kiunoni. “Kishikio hicho cha ngazi alikiweka marehemu mume wangu kwa mikono yake. Hakuna atakayekigusa.”

“Kwa hiyo kabati langu likae hapo kwenye kona mpaka lizae?” Mama Pacha alimjibu kutoka chini. Hawakuonana, maana kabati lenyewe lilikuwa katikati yao, limeziba ngazi kama kizibo cha chupa. Lakini sauti ya Mama Pacha haikuhitaji njia. Ilipenya popote.

“Likizaa,” alisema Kinyozi, aliyeketi kwenye kidato cha chini kabisa akijipepea kwa kofia, “mimi naomba stuli moja tu. Wateja wangu wanasimama.”

“Nyamaza wewe! Nani kakuuliza?”

“Mke wangu,” ikatoka sauti ya Fundi Bomba, imebanwa. Mume wa Mama Pacha alikuwa chini ya kabati, bega limeingia kwenye kitako chake, shavu limegandana na ukuta. “Ninyi mnabeba maneno, mimi nabeba mbao. Malizaneni upesi.”

“Mwambie huyo mama, si mimi! Si yeye aliyesema maji yanakuja? Yako wapi maji? Nimepandisha nyumba nzima, nimepandisha cherehani, nimepandisha mpaka ufagio! Tumelala sakafuni kama mizigo iliyokosa mwenyewe, na barabarani vumbi linatimka! Wateja wangu wanapita wanauliza, jirani, unamkimbia nani?”

“Mbona lilipanda vizuri,” Bi Tiketi alisema. “Kupanda lilipanda na kishikio kikiwa hapo hapo.”

“Lilipanda kwa hofu,” Kinyozi alisema. “Sasa linashuka kwa hasira. Ndiyo maana limekwama.”

Bi Tiketi akaingia ndani, akaurudisha mlango, akabaki ameuegemea kwa mgongo. Upande wa pili walikuwa wakiendelea kubishana, kutupiana lawama na kuitana majina, na yeye, Mungu amsamehe, alikuwa akiomba wasimalize.

Ugomvi huu hauwezi kueleweka na mtu asiyeujua mji. Mji mkuu huu umeukalia mto, nusu huku na nusu kule. Ng'ambo ya pili kuna wizara, bendera, bustani zenye nyasi zisizokanyagwa na watu wanaotembea na vitambulisho shingoni. Ng'ambo hii kuna watu. Wenyeji hawasemi kulia wala kushoto. Husema “kwa mtoni” na “kwa nchi kavu”. Mgeni akiuliza duka la dawa ataambiwa ashike kwa mtoni, akiona banda la kinyozi akate nchi kavu, na asipoelewa shauri yake. Wa ng'ambo ya pili hutuona sisi wa huku tuna kelele. Sisi tunawaona wao wamekufa, ila hawajaambiwa.

Mtaa wa gati ndio ulio karibu na maji kuliko mitaa yote. Nyumba zake zimejengwa kwa mtindo mmoja: familia chini, familia juu, na ngazi ya pembeni inayowaunganisha. Kila mvua zikikolea, mto ulikuwa unatoka kitandani kwake na kuja kutembelea watu. Ukiingia, ulikuwa unaingia kweli, mpaka usawa wa kitasa cha mlango. Ndipo ukazuka utaratibu ambao hakuna aliyeupitisha wala kuuandika popote. Mto ukitishia, wa juu anaacha mlango wazi na wa chini anahamia kwake. Haombi. Anapanda tu na magodoro, na sufuria, na watoto, na mgonjwa kama yupo. Wanakaa hivyo mpaka maji yarudi, wanapika pamoja, wanagombana pamoja, wanajuana nani anakoroma na nani anaongea usingizini. Zipo ndoa mtaani zilizoanzia kwenye kuhamia juu. Ipo na iliyovunjikia humo humo, lakini hiyo tuiache, wenyewe bado wako hai.

Bi Tiketi alikuwa wa juu. Jina hilo alilipata kwenye kivuko, alikokata tiketi tangu usichana wake hadi nywele zikapiga mvi. Kabla ya daraja, hakuna aliyevuka mto huu bila kupita dirishani kwake. Mabwana harusi walipita na jasho la woga. Makarani walipita wakiwa wadogo, wakarudi wakiwa wakubwa, wengine wakarudi wadogo tena. Alijua nani anavuka kwenda kazini na nani anasema anavuka kwenda kazini. Habari zilikuwa zinamjia zenyewe, zimepanga foleni. Maisha yake yote yeye alikaa, watu wakaja.

Kisha daraja likajengwa. Kivuko kikavutwa kando, kikaota kutu. Dirisha likapigiliwa mbao. Mumewe, aliyekuwa seremala, akatangulia mbele ya haki. Binti yao wa pekee akaolewa nchi ya mbali, akawa sauti ndani ya simu: mama hujambo, sijambo, watoto hawajambo, hawajambo, basi mama salio linakwisha.

Akabaki na msimu wa mvua. Hakuna aliyejua hili, na angekufa kabla hajalisema, lakini wakati mtaa mzima ulitazama mawingu kwa hofu, yeye aliyatazama kama mtu anayetazama barabara kungojea wageni. Mvua ya kwanza ikigonga bati alianza kuanika mablanketi ya akiba. Alinunua mchele kupita tumbo lake. Na Mama Pacha alipotokeza ngazini na godoro kichwani, akilaani mto na serikali na mwenye nyumba, Bi Tiketi alisogea pembeni akasema, “Haya, piteni, piteni,” kwa sauti ya mtu aliyesumbuliwa. Sauti hiyo aliijua vizuri. Ilikuwa ya dirishani.

Mwaka juzi serikali ikajenga ukuta. Ukuta mrefu wa zege, kutoka darajani mpaka machinjioni, na waziri akaja kuukatia utepe. Mtaa ulicheza ngoma. Mvua zilizofuata, mto ulipanda ukaugonga ukuta, ukarudi zake. Mama Pacha hakupanda. Mwaka mzima ngazi ile haikusikia mguu wa mtu ila wa msoma mita ya umeme, na huyo naye alisomea nje.

Bi Tiketi akajifunza kuanika nguo moja moja, ili akae barazani muda mrefu. Akajifunza kuacha redio ikiongea jikoni yeye akiwa chumbani, ili nyumba iwe na mtu chumba cha pili. Alipopika alipakua, akala upande mmoja wa meza, akafuta meza yote. Chini alisikia cherehani ya Mama Pacha ikikimbia, pacha wakigombania kitana, Fundi Bomba akiimba vibaya akioga. Sakafu yake ilikuwa dari yao. Wakati mwingine alivua viatu akasimama tu katikati ya sebule, na kicheko chao kikampanda kupitia nyayo.

Hivyo ndivyo alivyokuwa siku aliyotoka asubuhi kwenda gatini na kuiona pete imezama.

Pete yenyewe ni ya chuma, imechimbiwa kwenye jiwe la gati. Ndiyo waliyofungia kivuko. Wafanyakazi wote wa kivuko walijua kuisoma. Pete ikizama asubuhi, jioni mto uko mitaani. Hawakuwahi kukosea. Bi Tiketi alipatazama mahali pete ilipopaswa kuwa, akaona maji tu, mazito, yana rangi ya chai ya maziwa, na kabla akili haijasema lolote miguu ilikuwa imeshageuka. Alirudi mtaani anakimbia, mwanamke wa umri wake, kilemba mkononi. “Pete imezama! Hamieni juu! Pete imezama!”

Na nani angebisha? Walitoka. Wenye maneno wakasema ukuta je, akawajibu ukuta umejengwa na watu waliozaliwa jana, mto una umri gani? Wengine walipandisha, wengine wakacheka wakakaa. Mama Pacha alipandisha vyote. Kabati lilipita kwenye kona likiwa limelazwa chali, Kinyozi akiwa mbele, Fundi Bomba nyuma, na Bi Tiketi akielekeza: “Inua, inua, zungusha kwa mtoni!” Hakuna aliyejua nguvu ilitoka wapi.

Zikafuata siku alizokuwa akizikumbuka kabla hazijaisha. Cherehani ilikaa sebuleni kwake ikala meza yote. Pacha walilala naye kitandani, wasichana wawili wenye magoti makali, wakamsukuma hadi ukutani, akalala pale ukutani akiwa mzima kama kigori. Kinyozi, ambaye anaishi peke yake bandani na hakuwa na cha kupandisha ila mkasi na kioo, alihamia barazani akamnyolea Fundi Bomba nusu kichwa kisha wakaanza kubishana juu ya mpira, na Fundi Bomba akala chakula cha mchana akiwa hivyo, nusu upara. Bi Tiketi alicheka akashika ukuta. Mama Pacha alisema, “Jamani mama huyu anacheka! Mimi nilidhani meno ameyaacha kwenye kivuko.”

Kila asubuhi mtu alichungulia nje. Kila asubuhi barabara ilikuwa kavu. Mvua zenyewe zikakatika, jua likatoka. Mama Pacha akaanza kunyamaza, na Mama Pacha akinyamaza ujue kuna jambo. Mteja mmoja akachukua kitambaa chake akampelekea mshonaji mwingine, kwa sababu, alisema, yeye hapandi ngazi kwenda kupimwa sebuleni kwa watu. Siku hiyo hiyo Mama Pacha akafunga kanga kiunoni akasema, “Tunashuka.” Na kabati, badala ya kulazwa, likashushwa limesimama.

Sasa Bi Tiketi alikuwa nyuma ya mlango. Aliangalia sebule. Magodoro yalikuwa yamekunjwa tayari. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka kama maiti. Akajiambia kwamba marehemu hakuweka kishikio kile ili wapita njia waje kuking'oa. Akajiambia mambo mengi ya namna hiyo, yote ya kweli, na hakuna lililokuwa sababu. Sababu ni kwamba kabati likipita kona ile, halitapanda tena. Likikaa pale, hakuna atakayeshuka na cherehani, hakuna atakayeshuka na magodoro, na usiku lazima mtu alale mahali.

Kisha akamsikia mmoja wa pacha. “Baba, mbona unatetemeka?”

“Sitetemeki.”

“Unatetemeka. Hata kabati linatetemeka.”

“Ni kabati linalotetemeka, mwanangu. Linamwogopa mama yako.”

Kinyozi hakucheka. Bi Tiketi akaenda jikoni, akavuta droo, akarudi na bisibisi. Marehemu alificha skrubu zake vizuri, kila moja ilizibwa kwa kipande cha mbao kilichopakwa rangi, lakini mkewe ndiye aliyemshikia taa. Akapiga magoti ngazini. Skrubu zilitoka zikilia. Ya mwisho ilipotoka, kishikio kikamwangukia mapajani, chepesi kuliko alivyodhani, na kabati likapumua, likateleza, likashuka na Fundi Bomba chini yake akisema, “Polepole, polepole, sijafa bado.”

Vilivyobaki vilishuka haraka. Ni ajabu jinsi nyumba inavyomwagika. Magodoro, sufuria, kioo cha Kinyozi, viatu vya shule. Mama Pacha alipanda mara ya mwisho kuchukua ufagio. Akaufikia, akautazama, akafagia nyuzi na vipande vya vitambaa pale cherehani ilipokuwa, akazoa, akashuka. Hakuaga. Kama angemtukana ingekuwa nafuu.

Bi Tiketi akakaa. Sebule ilikuwa kubwa, kubwa kuliko ilivyokuwa kabla, kana kwamba walipoondoka walichukua na kuta. Kwenye meza palikuwa na mikwaruzo mipya ya cherehani. Alipitisha kidole juu yake. Akawasha redio, mtu akasoma habari za mabomba ya maji ya mikoani, akaizima. Chini hakukuwa na kicheko cha kumpanda nyayoni. Walikuwa wakisukuma vitu tu, kisha hata hilo likaisha. Akafikiri: nimewadanganya? Akajibu: pete ilizama, niliiona kwa macho yangu. Akauliza tena, na jibu lilipotoka la pili lilikuwa dogo kuliko la kwanza. Akavaa kilemba, akashuka ngazi isiyo na kishikio akipapasa ukuta, akapita mlango wa Mama Pacha bila kugeuka, akashika kwa mtoni.

Gatini, mlinzi wa ukuta alikuwa amekaa kwenye kivuli cha kivuko kibovu akisugua buti. Alikuwa kijana wa serikali, mpole, mwenye hamu ya kuongea na mtu.

“Mama, unatafuta kitu?”

“Natazama pete.”

“Hiyo ya chini? Huioni mpaka jioni. Kesho hivyo hivyo.” Akacheka. “Tangu ukuta uje, mto umebanwa, kila kukicha unaizamisha, jioni inatokeza. Ni kama inaoga. Lakini usiogope, ukuta huu haurukwi na kitu. Mtaa wenu hautalowa tena. Mtalala usingizi mpaka uzee.”

“Ni uzee nilio nao tayari,” Bi Tiketi alisema.

“Basi mtalala tu.”

Alisimama pale mpaka maji yakaanza kupungua na ukingo wa juu wa pete ukatokeza. Kutoka pale ng'ambo ya pili ilionekana yote, bendera na vioo, magari yakipita darajani bila kusimama, bila kuuliza mtu bei ya kuvuka. Nyuma yake ukuta ulikuwa umesimama, mkubwa, wa kijivu, umezidi kimo cha watu wawili. Ukuta si sindano. Asubuhi ile, kabla ya kukimbia, alisimama hapa hapa na ukuta ulikuwa hapa hapa, na kati ya maji na kilele chake mtu angeweza kutundika nguo. Aliuona. Hakukuwa na jinsi ya kusema hakuuona. Ni kwamba alikuwa na pete machoni, na mablanketi, na pacha, na ngazi inayolia kwa miguu ya watu, akaviona hivyo kwanza.

Jua lilikuwa linainama alipofika nyumbani. Watu walikuwa vizingitini wakipunga upepo, na walipomwona waliacha kuongea, kisha wakaanza tena kwa sauti ya chini. Yeye aliyepokea habari za mji mzima, leo ndiye habari. Kinyozi alikuwa akifunga banda lake. “Bi Tiketi,” aliita, si kwa ubaya, “mto umesemaje?” Akapita.

Aliweka mguu kwenye kidato cha kwanza, akakiondoa. Mlango wa Mama Pacha ulikuwa hatua chache tu. Miaka yote hiyo aliupita. Alijua kila aliyegonga hapo na kwa nini, alijua hata mlio wa kila mtu anavyogonga. Mkono wake mwenyewe haukuwahi. Hakikuwa kiburi, au kilikuwa, hajui. Dirishani hakuna anayetoka kwenda kugonga kwa abiria. Angepanda sasa, angejipikia, angefuta meza. Kesho Mama Pacha angempita kimya, na keshokutwa, na hapo kimya kingekuwa ndio desturi ya nyumba.

“Hodi,” alisema. Halikusikika. Akaweka kifundo cha kidole mlangoni. “Hodi humu ndani!”

Cherehani ikanyamaza. Mlango ukafunguka kidogo, Mama Pacha akatokeza na uzi mdomoni.

“Kumbe ni wewe.” Akautoa uzi. “Kishikio mume wangu atakirudisha kesho. Leo bega limevimba, nimemkanda mpaka mikono yangu imekufa. Usidhani tumesahau.”

“Sikuja kwa ajili ya kishikio.”

“Umekuja kwa ajili gani?”

Bi Tiketi alifungua mdomo. Kwenye kivuko maneno yalikuwa machache na yalitosha: unakwenda, unarudi, mzigo upo? “Maji hayatakuja,” alisema. “Siyo mwaka huu tu. Hayatakuja tena. Nimetoka gatini.”

“Hilo hata kuku wanalijua.”

“Nami nililijua. Siyo nililijua. Niliuona ukuta, nikaiona pete, nikachagua pete.”

Mama Pacha akamtazama. Nyuma yake pacha walikuwa wametulia ghafla, kwa utulivu ule wa watoto wanaosikiliza. “Yaani,” alisema taratibu, “ulikaa ukaomba nyumba yangu ifurike?”

“Niliomba mpande.”

Akasikia mwenyewe jinsi lilivyotoka, dogo na la aibu, na angetoa chochote lirudi. Mama Pacha alishika fremu ya mlango.

“Wewe mama,” akasema mwishowe, “una wazimu, unajua hilo? Mimi kila mwaka nikishuka kwako najiambia, leo huyu mama atalala vizuri, tumemsumbua mno. Uso wako ulivyo! ‘Piteni, piteni.’ Kama unafukuza mbuzi. Nikasema ni mtu wa watu wakubwa yule, anatuvumilia tu. Nikipika nataka nimtume mtoto akuite, naacha. Nasema atamrudisha.”

“Nisingemrudisha.”

“Ningejuaje? Hujawahi kugonga hapa! Hata chumvi hujawahi kuomba!”

“Nilikuwa na chumvi.”

“Ndiyo hilo ninalosema!” Mama Pacha alipiga kofi la hasira hewani, na ndani mtu akacheka akauminya mdomo haraka, ilikuwa sauti ya Fundi Bomba. “Wewe unacheka nini? Bega limepona?”

“Halijapona, mke wangu. Njaa ndiyo imezidi.”

Mama Pacha akamgeukia tena Bi Tiketi, uso bado umekunjamana. “Kabati langu limechubuka ubavu mzima. Mteja nimempoteza. Hayo sijayasamehe, nakwambia wazi, na kesho nitaamka nayo.”

“Amka nayo.”

“Nitaamka nayo.” Akasukuma mlango kwa kisigino, ukafunguka wote, harufu ya vitunguu ikatoka nje. “Sasa unasimama hapo unaniingizia mbu mpaka lini? Ingia. Kaa kule, karibu na mtoto, umsogeze huyo. Chakula kiko mezani, na ukichelewa huyu mwenye bega hatakuachia.”